Kuvu Bafuni: Ukuta Ukauke Kwanza, Rangi Ifuate

Msimu wa mauzo ya korosho, unaoanza Oktoba, ndipo kaya nyingi za Nachingwea na Ruangwa hupata fedha za kukarabati nyumba. Ndipo pia mvua hukaribia. Bafu linalopakwa rangi kwa haraka katika kipindi hicho hupendeza kwa wiki chache, kisha madoa meusi hurejea na rangi hubabuka. Fedha huwa imepotea.

Madoa hayo ni kuvu, ambayo wengi huiita fangasi. Hujilisha kwa uchafu, mabaki ya sabuni na hata rangi yenyewe, lakini haiwezi kuishi bila unyevu. Kuipaka rangi ni kuifunika, si kuiondoa. Chembechembe zake zikipeperuka hewani huweza kuamsha pumu, kikohozi na mafua ya mzio, hasa kwa watoto.

Hatua ya kwanza ni kutafuta chanzo cha maji. Madoa yaliyo karibu na dari huashiria bati linalovuja. Yaliyo chini ya ukuta huashiria unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi, au maji ya mvua yanayotuama nje. Yaliyozunguka sehemu moja huashiria bomba lililopasuka ndani ya ukuta. Yaliyoenea kote huonesha kuwa bafu halipitishi hewa. Chanzo kizibwe kabla ya kazi nyingine yoyote.

Hatua ya pili ni kusafisha. Mlango na dirisha viachwe wazi. Msafishaji avae glavu na barakoa. Ukuta usuguliwe kwa maji ya sabuni, kisha upakwe mchanganyiko wa robo lita ya dawa ya klorini ya kufulia katika lita 4 za maji, na kusuuzwa. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Rangi iliyobabuka ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, kwani vumbi la rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi.

Hatua ya tatu ni kukausha. Kipande cha nailoni kibandikwe ukutani, kingo zote zikiwa zimezibwa, kwa saa 24. Yakionekana matone upande wa ukutani, ukuta bado una maji. Plasta mpya ya saruji huhitaji takriban siku 28.

Ndipo hufuata praima, kisha mikono miwili ya rangi inayostahimili unyevu, kila mkono ukiachwa ukauke. Baada ya hapo, dirisha lifunguliwe kila baada ya kuoga.

Kaya yenye fedha za kazi moja tu iziba kwanza panapovuja. Rangi inaweza kununuliwa wakati wa mauzo, ikatunzwa katika kopo lililofungwa, na kupakwa kiangazi kuanzia Mei, kuta zikiwa zimekauka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bafu lenye kuvu, usemi huo ni wa kuchukuliwa kama ulivyo.

Mwananchi anayehitaji ushauri zaidi afike kwa afisa afya wa kata yake.