Tumebishania tarakilishi, deni limeandikwa kwa Kiingereza

Wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, tulikaa barazani kama ilivyo ada yetu, na ukazuka ubishi ambao nusura uvunje udugu. Chanzo chake kilikuwa neno moja tu. Kijana wetu mmoja, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda chake Magomeni, alisema amepokea kompyuta tano mbovu kwa mpigo na hajui aanze na ipi. Mwalimu wetu wa Kiswahili, ambaye amestaafu lakini kazi haijamstaafu, akamrekebisha pale pale: sema tarakilishi, si kompyuta. Basi, hapo ndipo moto ulipowaka.

Mwalimu alisema taifa lisiloweza kukipa jina chombo linachokitumia ni taifa la kupokea tu. Fundi akajibu kwamba katika miaka kumi na miwili ya ufundi wake hajawahi kuletewa tarakilishi mbovu hata moja. Mwingine akadakia kwamba kuna wanaosema ngamizi, sasa tumfuate nani? Mimi, nakiri, sikuwa msuluhishi. Nilikuwa upande wa Mwalimu, tena kwa sauti ya juu. Ukaingizwa ukoloni, ikaingizwa siasa, wakaingizwa Waarabu na Waingereza, nani katutawala zaidi kwa maneno. Mzee mmoja alivaa makubazi yake akaondoka bila kuaga.

Tukiwa katikati ya zogo hilo alikuja mama mmoja jirani yetu, anayeuza chai na vitumbua asubuhi. Nikamwamkia, akaitikia, akaninyooshea simu yake. "Mwanangu, wewe msomi, hebu nisomee hapa. Mimi nilikubali nini?"

Alikuwa amekopa shilingi 80,000 kwa njia ya programu moja ya simu ili anunue unga na mafuta. Tangazo lililomvuta lilikuwa la Kiswahili, Kiswahili kitamu kabisa: pata mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Alichelewa kulipa kwa siku nne. Siku ya tano shemeji yake, ustadhi anayemsomesha mwanawe, na mteja wake mmoja wa vitumbua, wote walipokea ujumbe kwamba fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Mama wa watu aliona aibu hata kutoka nje. Swali lake lilikuwa jepesi: hawa watu namba za jamaa zangu walizitoa wapi?

Nikafungua ile programu. Masharti yote, tangu mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, yalikuwa kwa Kiingereza, tena kile Kiingereza cha wanasheria ambacho hata mimi niliyeitwa msomi nilikisoma mara mbili. Humo ndani, katika aya iliyobanwa, ilikuwa imeandikwa kwamba mkopaji anaridhia programu isome orodha ya majina na namba zilizomo kwenye simu yake. Na simu yenyewe ilikuwa imemuuliza, kwa Kiingereza vile vile, naye akabonyeza kitufe cha kukubali kwa sababu bila kukibonyeza mkopo hauji.

Barazani palikuwa kimya. Sisi tulikuwa tumetumia karibu saa nzima kupigania heshima ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kilipohitajika hakikuwepo.

Tangu usiku ule nimejaribu kulisoma upya jambo hili, na ningependa kumshirikisha msomaji. Mimi si mtaalamu wa lugha, lakini kuna mambo hayahitaji shahada.

Tuanze na maneno yenyewe. Ubishi wa kwamba neno la kigeni ni fedheha haufiki mbali. Kitabu, kalamu na karatasi tumezipata kwa Waarabu. Meza na bendera ni za Wareno, gari limetoka Bara Hindi, shule ni ya Mjerumani. Leo nani anayekaa mezani akajiona yuko Lisbon? Na hao Waarabu tunaowadhania wana lugha iliyokamilika tangu zamani, nao wamepita njia hii hii. Cairo waliunda chuo chao cha lugha mwaka 1932, na kazi zake mojawapo ni kutafuta majina ya vitu vipya. Gari wanaliita sayyara, neno ambalo msomaji wa Suratu Yusuf anajua kwamba lilikuwa ni msafara. Treni wakaiita qitar, yaani ngamia waliofungwa mmoja nyuma ya mwingine. Simu wakaiita hatif, sauti ya mtu usiyemwona. Maneno mazuri mno! Lakini ukipita mitaani kwao bado utasikia watu wakisema talafoni, na kompyuta ina jina la kitaalamu, hasub, na lile jina la Kiingereza lililogeuzwa matamshi pia limo midomoni mwa watu. Yote mawili yanaishi, na dunia haijaanguka.

Kwetu sisi mambo yameenda vivyo hivyo, na nikitazama naona mantiki yake. Tarakilishi imesukwa kutokana na tarakimu na akili. Ni kazi ya kiufundi, lakini iliwafikia watu kupitia orodha ya istilahi na vitabu vya shule, wakati kompyuta ilifika pamoja na mashine yenyewe, imeandikwa kwenye boksi na kwenye risiti. Aliyetangulia kufika kakaa. Lakini tazama maneno yaliyoshinda: mtandao, tovuti, barua pepe, kupakua. Barua pepe unaisikia ikipepea. Mtandao mtu anauelewa kwa sababu anajua kitu kilichotanda. Halafu kuna yale ambayo hakuna baraza lililokaa kuyapitisha mpaka yalipokuwa tayari midomoni: salio, vocha, laini, kifurushi. Na kuna neno moja ambalo mimi hunifurahisha kila nikiliona. Wanafunzi wa fiqhi walikuwa wakilisikia katika darsa za biashara, rahani na ukodishaji. Leo dereva wa bodaboda akitumiwa nauli, simu inamwambia muamala wake umekamilika. Muamala! Neno limetoka msikitini likaingia kwenye simu bila kupigiwa debe na mtu.

Hapo ndipo ninapopata taabu na kisingizio kinachosemwa kila siku, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubebea teknolojia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Tangu wakati huo bibi wa Kilwa na kijana wa Kigoma wanaambiwa kwa Kiswahili waingize namba ya siri, waingize kiasi, wathibitishe. Hakuna aliyelalamika kwamba maneno yamepungua. Na hata kabla ya hapo, Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisini kwa Kiswahili, iliyotengenezwa na wataalamu wa lugha na wa kompyuta kwa kushirikiana na Waswidi. Kwa hiyo suala la kwamba haiwezekani lilijibiwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Sasa kama inawezekana, kwa nini tangazo liwe la Kiswahili na masharti yawe ya Kiingereza? Jibu ninaloliona mimi ni kwamba Kiswahili hutumika pale kampuni inapotaka mama aingie, na Kiingereza hutumika pale isipotaka ajue alikoingia. Nasema hivyo nikijua kwamba wapo watakaosema ninawadhania watu vibaya. Lakini aliyeandika tangazo alikuwa na mtu wa kumtafsiria. Huyo huyo angeshindwa nini na ukurasa wa pili?

Na hii ndiyo siasa ya lugha, ambayo sisi tuliitafuta kwenye neno kompyuta tukaikosa. Bibi yangu mzaa baba alisoma chuoni kwao, akajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua alizomwandikia kaka yake Tanga mpaka leo tunazo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwishahamishia shule na ofisi kwenye herufi za Kilatini, basi alipokuja kuulizwa habari zake, karani akamwandika kuwa hajui kusoma wala kuandika. Mtu aliyekuwa anaandika barua! Ukibadilisha maandishi ya mlangoni, aliyekuwa msomi jana anaamka mjinga leo, na yeye mwenyewe hakupoteza kitu. Huyu mama wa vitumbua anasoma Kiswahili bila kusitasita. Mjinga amefanywa na ile programu.

Katika sheria tumepiga hatua, na ni haki kusema. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, nayo inataka mtu ajulishwe taarifa zake zinakusanywa kwa kusudi gani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hayo yote ni mema. Lakini kumjulisha mtu kwa lugha asiyoijua si kumjulisha. Ni sawa na kumsomea khutba kiziwi halafu ukasema alihudhuria.

Katika Qur'ani aya ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu jambo hili hili la kuandikiana deni. Wengi tunajua kwamba inaamrisha deni liandikwe na wawepo mashahidi. Lililonigusa safari hii ni kwamba anayetoa imla kwa mwandishi ni yule anayedaiwa, si mwenye mali. Na kama anayedaiwa ni dhaifu au hawezi, basi msimamizi wake atoe imla kwa uadilifu. Yaani maneno ya mkataba yanapita kwanza kinywani mwa aliye mnyonge, ili ajue anafungwa na nini. Hapa kwetu mnyonge hata kuyasoma hawezi. (Suala la riba nimeliacha kwa makusudi, wenye elimu wamelisema mara nyingi, na kwa leo lingenimalizia nafasi.)

Nilipoyaeleza haya barazani, fundi alinipinga, na lazima niseme alinipinga vizuri. Alisema: hata yakiandikwa kwa Kiswahili, nani husoma masharti? Wewe mwenyewe unasoma? Kweli, sisomi. Huteremsha kidole mpaka chini nikabonyeza. Akaongeza kwamba simu nyingi siku hizi zina Kiswahili ndani yake, lakini yeye akimwekea mteja Kiswahili, kesho yake mteja anarudi kuomba arudishiwe Kiingereza, eti amepotea.

Nikaamua kujaribu. Nimeiweka simu yangu katika Kiswahili kwa mwezi mzima, na fundi hakukosea sana. Siku za mwanzo nilitafuta vitu kama mtu aliyehamia nyumba mpya gizani. Lakini niligundua kitu ambacho hakikutajwa usiku ule. Programu moja iliponiomba ruhusa, iliuliza kama naruhusu ifikie "anwani" zangu. Kwangu mimi anwani ni sanduku la posta, au mtaa na namba ya nyumba. Ningejibu ndiyo bila wasiwasi, maana nyumba yangu wanaijua hata wauza samaki. Kumbe walikusudia orodha ya watu wangu wote! Kiswahili kipo, lakini kimeniingiza shimo lile lile alilotumbukia jirani yangu kwa Kiingereza.

Basi hapo nikarudi kumpa Mwalimu haki yake. Anayesema neno lichaguliwe kwa uangalifu hapotezi wakati. Tulichokosea ni kulipigania neno la kitu ambacho hata ukikosea jina lake hakikudhuru, tukaliacha lile ambalo mtu akilikosea anadhalilishwa mbele ya shemeji zake. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967 na limekwisha kusanifu maelfu ya maneno. Lingeulizwa kuhusu hili la anwani kabla halijaandikwa kwenye simu za watu, sidhani kama lingelikubali.

Tulikutana tena Alhamisi iliyofuata, na yule mzee wa makubazi naye alikuwepo. Mwalimu alichukua karatasi akaandika swali ambalo ile programu ilipaswa kumuuliza mama yetu. Alifuta mara tatu. Fundi akamsahihisha mahali pamoja, naye akakubali, jambo ambalo sikutarajia kuliona. Mwishowe ilisomeka hivi: "Unakubali tuchukue majina na namba zote zilizomo kwenye simu yako, ili ukichelewa kulipa tuwaambie watu hao kwamba unadaiwa?"

Tukampelekea mama akalisoma mwenyewe, kwa sauti, akiwa amesimama mlangoni na kanga yake begani.

"Hilo," akasema, "ningelikataa."

Deni alikwisha kulilipa siku nyingi. Shemeji yake bado hajaja kumjulia hali.