SOMO LA BIBLIA: EPAFRODITO NA HABARI ZA NYUMBANI

Wafilipi 2:25–30 na 4:18

Katika Waraka huu tunakutana na mtu ambaye hatajwi mahali pengine katika Biblia. Epafrodito alitumwa na Wakristo wa Filipi ampelekee Paulo msaada kifungoni, akae naye na kumtumikia. Ikiwa Paulo alikuwa Rumi, kama wengi walivyopokea tangu zamani, safari hiyo ilikuwa ya majuma kadhaa. Huko ugenini Epafrodito akaugua karibu na kufa.

Tutazame hasa mstari wa 26. Kilichomhuzunisha Epafrodito ni kwamba watu wa kwao wamesikia kuwa anaumwa. Habari ilitangulia kufika Filipi, nasi hatuambiwi ni nani aliyeipeleka. Pengine ni msafiri tu. Habari za namna hiyo hufika nusu: ya kuugua hufika, ya kupona hubaki njiani.

Jambo hili tulilionja wenyewe mwaka 2023. Kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi Machi 2022 kilienea wilaya zote 29 za nchi ile na kuua watu zaidi ya 1,700. Binti yetu, ambaye ni muuguzi, alijitolea kwenda kufundisha afya upande wa Karonga. Lugha haikumsumbua, maana Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu. Alizunguka vijijini akifundisha kuchemsha maji ya kunywa, kunawa kwa sabuni, kutumia choo, na kumtengenezea mgonjwa maji yake: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe huku akipelekwa kituo cha afya. (Wazee watakumbuka Mtu ni Afya redioni mwaka 1973. Mengi ni yale yale.)

Kila Jumapili baada ya ibada alitupigia simu. Mara Jumapili mbili zikapita kimya. Akatuma ujumbe kwamba kazi ni nyingi. Ndipo mchuuzi wa ndizi aliyetoka Kasumulu akamwuliza mama yake sokoni, "Mwanao anaendeleaje? Nimesikia amelazwa." Usiku ule hatukulala. Mama alikwisha kufunga nguo ili avuke mpaka asubuhi. Kumbe ilikuwa malaria, naye alikuwa ameanza kupata nafuu. "Sikutaka kuwatia wasiwasi," alisema.

Tulimkemea kidogo, kisha tukanyamaza, kwa sababu nasi tulikuwa na letu. Bibi yake alikuwa ameanguka mwezi Januari na kuvunjika nyonga, nasi kila Jumapili tulimjibu, "Bibi hajambo." Siku ile ndipo tulipomwambia. Alilia, akaomba azungumze na bibi, wakazungumza mpaka salio likaisha.

Sasa tumtazame Paulo. Anawaandikia Wafilipi waziwazi kwamba ndugu yao alikaribia kufa, na kwamba Mungu alimhurumia. Haoni haya kutaja huzuni ambayo ingempata yeye mwenyewe. Tena hakuridhika na barua: alimrudisha Epafrodito kwao wamwone kwa macho, akawaagiza wampokee kwa furaha na heshima.

Nyumbani kwetu tulipatana hivi: habari ya ugonjwa isemwe siku ile ile, huku na huko, na mwenzake mmoja kazini awe na namba yetu. Jambo jingine, sisi wazazi tusigeuze kila simu kuwa ya ada na mbolea. Anayejitolea hupewa posho ya kula tu, na akijua kwamba simu ya nyumbani ni ya kuombwa fedha, ataacha kuipokea.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya:

1. Kwa nini Epafrodito alihuzunika kwamba wa kwao wamesikia?

2. Je, kuna mtu wetu aliye mbali ambaye tumemficha habari ya nyumbani? Nani atamwambia, na lini?

3. Wafilipi walimtuma Epafrodito kwa niaba yao. Parokia yetu inawajua wote walio ugenini kwa kazi ya kujitolea?