SOMO LETU: Je, Huyu ni Tilapia Gani?



Vikundi vyenye vidimbwi vya samaki hutuuliza sana swali hili: "Samaki wetu wamemaliza miezi minane na tunawalisha, mbona bado ni wa kiganja?" Jambo la kwanza watu hufikiria ni chakula. Saa zingine ni kweli. Lakini saa zingine shida iliingia siku ile ile vifaranga walipomwagwa kidimbwini, kwa sababu walioletwa sio wale mliolipia.

Neno "tilapia" ni kama neno "ndizi". Kuna ndizi ya kupika na kuna ya kuiva, na mkulima hapandi moja akitarajia kuvuna nyingine. Tilapia nao ni wa aina nyingi. Tena wana jambo ambalo ndizi hazina: ukiwaweka aina mbili za karibu katika maji mamoja, wanazaana na kutoa machotara. Basi katika somo hili tutajifunza kuwatofautisha.

Mahali pa kutazama

Usiamini rangi ya mwili. Tilapia hubadilika rangi akishtuka, akiwa katika maji ya matope, au dume akiwa tayari kuzaa. Tazama mapezi, hasa mkia. Chukua karai jeupe lenye maji, lowesha mikono, mshike samaki polepole, kisha ukunjue mkia wake kwenye mwanga.

1. Tilapia wa Naili (Oreochromis niloticus). Wajaluo humwita nyamami, Watanzania sato. Mkia wake una mistari myembamba iliyosimama wima, imepangwa vizuri kama ya kitambaa, na imejaa mkia wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Huyu ndiye anayekua haraka, na ndiye vikundi vingi humtaka.

2. Tilapia wa madoadoa meupe (Oreochromis leucostictus). Mwili wake ni wa giza, una madoadoa meupe mwilini na kwenye mapezi. Mkia hauna ile mistari ya wima iliyopangwa. Huyu katika kidimbwi huanza kuzaa akiwa mdogo sana. Kidimbwi kinajaa watoto, na hakuna anayefika sahani.

3. Tilapia wa tumbo jekundu (Coptodon zillii). Kifua na tumbo huwa jekundu, hasa wakati wa kuzaa. Hula majani ya majini. Tofauti kubwa ni katika kuzaa: hao wengine wote katika orodha hii, mama hubeba mayai na watoto mdomoni. Huyu hutaga chini kwenye kiota, na wazazi wote wawili hulinda. Mkitaka uhakika, mfungueni mmoja aliyekufa mtazame ndani ya shavu. Kwenye upinde wa kwanza wa matamvua, upande wa chini, kuna vijino kama vya kitana. Huyu ana vichache, kama 8 hadi 11. Tilapia wa Naili ana vingi, vyembamba, karibu 20 au zaidi.

4. Ngege wa asili (Oreochromis esculentus). Siku hizi wengi wetu huita tilapia yeyote "ngege", lakini mwenye jina ni huyu. Kichwa chake ni kidogo, na mkia hauna mistari ya wima.

5. Mbiru (Oreochromis variabilis). Ukingo wa juu wa pezi la mgongo una rangi ya machungwa au nyekundu inayoonekana wazi. Dume aliye tayari kuzaa ana kishada kidogo chini ya tumbo.

Ngege na mbiru ndio tilapia wa asili wa Ziwa Victoria. Hao watatu wa kwanza waliletwa ziwani katika miaka ya 1950.

Chotara anaonekanaje?

Chotara huchukua kidogo huku na kidogo kule. Mnaweza kuona mkia wenye mistari iliyokatikakatika, au mistari nusu ya mkia tu, au mistari iliyochanganyika na madoa meupe. Msihukumu kwa samaki mmoja. Vueni kumi au ishirini, muwapange. Kama wote wana mistari safi, ni dalili njema. Kama kila mmoja ana mkia wake, mbegu imechanganyika.

Lakini kuna mpaka wa macho. Chotara akizaa tena na tilapia wa Naili, na watoto wao tena, baada ya vizazi vichache utaona mkia safi ilhali damu sio safi. Hapo ni maabara tu inayoweza kujua.

Tena msilaumu mbegu kila mara. Kama samaki ni wadogo lakini mikia yote ina mistari safi, angalieni kwanza msongamano, chakula na mbolea ya maji. Hata tilapia halisi hudumaa akisongwa.

Hasara isiyorudishwa

Jambo hili limeshatokea hapa nchini. Katika Ziwa Naivasha, tilapia aitwaye Oreochromis spilurus aliingizwa mwaka 1925. Mwaka 1956 akaletwa yule wa madoadoa meupe. Wakazaana. Machotara wakajaa, nao wakaendelea kuzaana na wa madoadoa, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 spilurus halisi alikuwa ametoweka. Hakuvuliwa akaisha, alimezwa na wageni wake.

Huko Baringo, kwenye bwawa la Loboi karibu na Ziwa Bogoria, kuna tilapia wa Naili wa asili. Mwaka 2014 watafiti walichapisha kwamba wamekuta ndani yao damu ya yule wa madoadoa meupe, wakaonya kwamba ufugaji wa samaki unaihatarisha mbegu hiyo. Mbegu ya namna hiyo ni akiba ya wafugaji wote, na ikichanganyika hakuna chujio la kuitenga tena. Ngege wa asili naye amebaki mahali pachache tu, kama Ziwa Kanyaboli na mabwawa madogo. Kikundi kinachomwaga samaki wa kidimbwi huko kinaweza kummaliza bila kujua.

Je, chotara wote ni wabaya?

La. Mwaka 1960 mtafiti Hickling, aliyefanya kazi Malacca, alieleza jinsi tilapia jike wa Msumbiji akipandishwa na dume wa aina iliyotoka Zanzibar, watoto wote huwa madume. Madume hukua haraka kuliko majike, na kidimbwi hakijai watoto. Lakini kazi hiyo inataka wazazi halisi pande zote mbili, waliotengwa kabisa. Mzazi mmoja akiwa na mchanganyiko, mpango unaharibika. Kumbe hata anayetaka chotara lazima kwanza ajue kutambua aliye safi.

Mfanye nini?

Vifaranga wa urefu wa kidole wanafanana mno. Alama za mkia bado hazijakomaa, na karibu wote wana doa jeusi kwenye pezi la mgongo. Kwa hivyo msinunue kwa kutazama vifaranga kwenye mfuko. Nendeni mkaone wazazi.

- Kabla ya kulipa, tumeni watu wawili kwa mwuzaji. Waombe wavuliwe wazazi kumi, wakunjue mikia. Mwuzaji akikataa, rudini na pesa zenu.
- Mwombeni afisa wa uvuvi aandamane nanyi au awaelekeze kwenye kituo anachokiamini.
- Msichanganye vifaranga wa mwuzaji mpya na wale wa zamani.
- Wekeni wavu wa matundu madogo mahali maji yanapoingia na yanapotoka. Samaki wa mtoni huingia kama mayai au watoto wadogo.
- Kama mbegu imeharibika, msiokote wakubwa na kuwafanya wazazi. Vueni wote, uzeni au mle, toeni maji yote, kisha acheni jua likaushe matope hadi yapasuke. Dimbwi dogo likibaki pembeni, watoto waliomo wataanza tena.
- Msimwage samaki wa kidimbwi mtoni, ziwani wala kwenye bwawa la kijiji.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Vifaranga wetu walitoka wapi? Kuna aliyewaona wazazi wao?
2. Tukivua samaki kumi leo, ni wangapi wana mistari safi mkia wote?
3. Maji ya kidimbwi chetu yakifurika, yanaelekea wapi, na kuna samaki gani huko?
4. Nani wawili tutawatuma safari ijayo, na nauli yao itatoka wapi?

Hilo la nauli msilidharau. Nauli ya watu wawili ni ndogo kuliko chakula cha miezi minane cha samaki wasiokua.