SOMO LETU: KUMPATA MWALIMU WA KUUNDA FREMU ZA BAISKELI



Sisi wa Ibanda, Kasese na Bwera twategemea baiskeli. Fremu ikikatika mteremkoni nawe umepakia matoke, roho imo hatarini. Nani atatufundisha kuiunda vyema? Tuanze na mafundi wanaochomelea milango na madirisha hapa kwetu, ila tuwapime kwanza.

Kwanza, fundi aunganishe vipande viwili vya bomba la fremu kuukuu, kisha tukikate kiungo kwa msumeno tukione ndani. Bomba hilo ni jembamba. Moto wa umeme ukizidi hulitoboa. Ajuaye kuunganisha kwa gesi na shaba nyeupe anafaa zaidi, kwani shaba hiyo huyeyuka kwenye digrii 900 hivi, kabla chuma hakijayeyuka.

Pili, apime unyofu. Uzi hufungwa nyuma panapokaa ekseli, huzungushwa shingo ya usukani na kurudishwa upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti ikitofautiana kushoto na kulia, fremu imepinda.

Tatu, tupatane naye ada na muda mbele ya mashahidi.

Mgodi wa Kilembe ulisimamisha uchimbaji wa shaba mwaka 1982, na ajira zikapotea. Lakini ujuzi hauzeeki. Tujifunze, kisha tufundishane.