Helikopta ya Telekomande: Namna ya Kuanza Pole Pole



Wengi wenu mnakumbuka yale yaliyotokea uwanjani muhula uliopita. Chama chetu cha fizike kiliuza mandazi miezi mingi, kikanunua helikopta ndogo ya telekomande. Siku ile ilipofika hatukusoma karatasi iliyokuwa ndani ya sanduku. Tuliiweka katikati ya watu, na mmoja wetu akapiga kelele: «Weka nguvu! Unaogopa nini?» Tukasukuma kijiti mpaka mwisho. Mashini ikaruka kama kuku aliyefukuzwa, ikalala upande, ikaangukia watoto waliokaa mbele. Mdogo wetu mmoja wa kelasi ya kwanza alikatwa kidole, akashonwa nyuzi 3.

Bwana Prefe aliifunga mashini ndani ya kabati lake. Alisema ataitoa siku ile tutakapoweza kuwafundisha wengine mambo ambayo sisi wenyewe hatukutaka kujifunza. Hili njo somo lenyewe. Kidole kimepona, lakini mdogo wetu bado anasogea mbali kila akisikia mlio wa mota. Kosa si lake, ni letu.

1. KWA NINI HELIKOPTA INARUKA

Ndege ya kawaida ina mabawa yasiyosogea. Lazima ikimbie yenyewe ili hewa ipite juu na chini ya mabawa. Helikopta haihitaji kukimbia, kwa sababu mabawa yake yanazunguka. Ndiyo mapanga tunayoyaona juu. Kila panga ni bawa jembamba lililoinama kidogo. Linapokata hewa linaisukuma chini, na hewa inalisukuma panga juu. Tulisoma sheria hii ya Newton katika kelasi: kila tendo lina tendo la kulijibu, sawa kwa nguvu, kinyume kwa upande.

Lakini sheria hiyo hiyo inaleta taabu. Mota ikizungusha mapanga kuelekea kuume, mwili wa helikopta unataka kuzunguka kuelekea kushoto. Kwa hiyo kuna panga dogo kwenye mkia, linalosukuma hewa upande ili mwili utulie. Panga hilo likivunjika, mashini inazunguka kama pia.

Igor Sikorsky, mhandisi aliyezaliwa Kiev akaenda kufanya kazi Marekani, aliinua helikopta yake VS-300 kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 1939. Siku ile mashini ilikuwa imefungwa kwa kamba, isipande wala kukimbia. Iliruka bila kamba tarehe 13 Mei 1940. Mtu aliyezijua hesabu zote alikubali kamba kwa miezi 8. Sisi tulishindwa kungoja hata dakika 8.

Helikopta ndogo za kuongozwa kwa mbali zilikuja nyuma zaidi. Mjerumani Dieter Schlüter ndiye aliyefaulu kutengeneza ya kuruka vizuri, karibu na mwaka 1970.

2. AINA TATU ZA KUJUA

(a) Yenye mapanga ya tabaka mbili. Tabaka moja linazunguka kuume, la pili kushoto. Basi mwili unatulia bila kuhitaji panga la mkia la kuuzuia. Inakwenda pole pole na inasamehe makosa. Lakini ni nyepesi: upepo kidogo tu unaichukua. Inafaa ndani ya jumba.

(b) Yenye tabaka moja na panga la mkia, pembe ya mapanga haibadiliki. Ukitaka ipande unaongeza mwendo wa mapanga. Hiyo ndiyo tuliyonunua sisi.

(c) Yenye pembe inayobadilika. Mapanga yanazunguka kwa mwendo ule ule, na pembe yake ndiyo inayoongezwa au kupunguzwa. Inaweza kuruka hata miguu juu. Zile kubwa za aina hii zimekwisha kuua watu katika nchi nyingine. Si kintu cha mwanafunzi anayeanza.

Mtu atauliza: na drone ya mapanga 4 je? Ile ni rahisi zaidi kwa sababu kompyuta yake ndogo inaituliza yenyewe. Ni nzuri, lakini vidole vyako havitajifunza kazi ya helikopta kwayo. Ushauri wetu: anza na aina (a), kisha (b). Sisi tuliruka daraja.

3. HEWA YA KOLWEZI

Mji wetu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu 10 katika 100, na wakati wa joto inazidi kuwa nyepesi. Mapanga yanapata hewa kidogo ya kusukuma, kwa hiyo yanapaswa kuzunguka haraka zaidi, na batri inakwisha mapema. Usishangae kama dakika zilizoandikwa juu ya sanduku hazifiki.

Jambo lingine ni vumbi jekundu la kiangazi, tangu Mei hadi Septemba. Mapanga yanaliinua, linaingia ndani ya mota na meno ya magurudumu. Ruka juu ya majani au tandika turubai, kisha safisha kwa brashi kavu. Saa nzuri ni asubuhi mapema, mbele ya upepo kuamka.

4. BATRI, NA KITU KILICHOTOKA KWETU

Fungua mota kuukuu uangalie: ndani mna nyuzi za shaba. Batri ya lithiamu nayo mara nyingi ina kobalti ndani yake. Mwaka 1980, John Goodenough na wenzake huko Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti na lithiamu inaweza kutunza umeme mwingi katika kitu kidogo. Mwaka 1991 Sony ilianza kuuza batri za namna hiyo, na mwaka 2019 Goodenough alipewa tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Whittingham na Yoshino.

Na kobalti inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, katika mkanda wa shaba wa Lualaba na Haut-Katanga. Wengi wetu tuna baba, kaka au mjomba ambaye mikono yake imeigusa. Inaondoka hapa ndani ya mifuko, juu ya malori. Inarudi ndani ya sanduku zuri, na sisi tunaivunja siku ya kwanza kwa sababu hatukusoma karatasi. Kati ya kule kuondoka na kule kurudi kuna kemia, kuna fizike, kuna hesabu: masomo yale yale tunayoyasinzilia saa za mchana.

Batri hii ina nguvu, tena ina hatari. Shikeni sheria hizi:

— Seli moja ni volti 3.7. Ikijaa ni volti 4.2, isizidi. Isishuke chini ya volti 3, itakufa.
— Tumia chaja yake tu. Kama karatasi haisemi mengine, batri ya mAh 1,000 ichajiwe kwa ampea 1. Ya mAh 500 kwa nusu ampea.
— Usichaji ukiwa umelala au umetoka. Hapa kwetu umeme unakatika na kurudi bila kupiga hodi. Weka batri juu ya tofali au ndani ya chungu, mbali na blanketi na godoro.
— Ikivimba, au ikigongwa sana, usiitumie tena na usiitoboe. Mpelekee mwalimu.
— Baada ya kuruka ingoje ipoe kwanza, ndipo uchaji.

5. VIJITI VIWILI

Katika telekomande nyingi kijiti cha kushoto, juu na chini, ni nguvu ya kupanda. Kikienda pembeni kinageuza pua. Kijiti cha kuume kinapeleka mashini mbele, nyuma na pande mbili. Vidole vinne vya akili vinatakiwa kwa wakati mmoja, na vinakuja kwa mazoezi tu. Kama kuna mtu mwenye kompyuta yenye mchezo wa kurusha helikopta, aanzie hapo: kuanguka mle hakuna gharama.

Mbele ya kila safari: kaza skrubu, tazama kama panga lina ufa. Kijiti cha nguvu kiwe chini kabisa. Washa telekomande kwanza, kisha unganisha batri. Wakati wa kumaliza fanya kinyume: toa batri kwanza, kisha zima telekomande. Ukigeuza utaratibu huu mashini inaweza kushtuka peke yake.

Hatua ya 1. Funga chini ya miguu ya helikopta vijiti viwili vyepesi kama msalaba, na mpira mdogo wa plastiki kila ncha. Vinaizuia kulala upande. Sisi tungekuwa na vijiti hivi, kidole kisingekatwa.

Hatua ya 2. Iweke mkia ukikuelekea wewe, umbali wa mita 5. Ongeza nguvu mpaka miguu iwe myepesi, bila kuruka. Angalia inataka kuteleza upande gani, urekebishe kwa vibonye vidogo vya telekomande.

Hatua ya 3. Ruka kidogo, tua. Ruka, tua. Karibu na udongo hewa inayosukumwa chini inarudi na kuitikisa mashini. Ukizoea, ipandishe mpaka urefu wa kiuno. Pale inatulia zaidi.

Hatua ya 4. Chora mraba wa mita 1. Jaribu kuikalisha juu yake batri nzima. Inaonekana si kitu, lakini ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Usikimbilie kwenda mbele kabla ya kuweza kusimama.

Hatua ya 5. Igeuze ubavu wake ukutazame, na mwisho kabisa pua. Pua ikikutazama, kushoto kwake ni kuume kwako. Wengi wanavunjia hapo.

Ukiona imekushinda, shusha nguvu yote mara moja. Usiifukuze hewani. Panga linanunuliwa, jicho halinunuliwi.

6. FASI YA KURUSHIA

Watazamaji wakae nyuma ya mrushaji, mita 10, nyuma ya kamba. Hapana mtu mbele, hapana mtu pembeni. Anayeshika telekomande avae miwani ya kazi.

Usirushe karibu na uwanja wa ndege, machimbo, kambi ya askari, wala njia za umeme mkubwa. Njia ya umeme inayotoka Inga, safari ya kilomita 1,700 hivi, tangu mwaka 1982 inaishia hapa Kolwezi. Mji wetu una nyaya nyingi zisizotaka mchezo. Tena usifunge kamera. Mlinzi wa mgodi akiona kintu kinaruka juu ya ukuta hatauliza kama ni mchezo wa shule. Mambo ya anga katika nchi yetu yako chini ya AAC, Autorité de l'Aviation Civile. Kabla ya kurusha nje ya uwanja wetu, mtu mkubwa akaulize ruhusa kwanza.

7. KWA ASIYE NA FRANGA

Tunajua wengi hawawezi kununua. Hata sisi tulikuwa na moja tu. Fanyeni hii: kata karatasi sentimita 20 kwa 5. Ipasue katikati kutoka juu mpaka nusu, kunja kipande kimoja mbele na kingine nyuma. Kunja chini iwe nyembamba, bana kwa kibanio cha karatasi. Iachie kutoka juu ya ngazi: itashuka ikizunguka. Helikopta kubwa ikizimikiwa mota hutua kwa njia hiyo, hewa inayopanda ikizungusha mapanga. Fupisha mabawa, ongeza uzito, geuza mikunjo, uandike kila mara inashuka kwa sekunde ngapi. Mwenye daftari hiyo amekwisha kuanza.

MASWALI

1. Kwa nini aina (a) haihitaji panga la mkia la kuzuia mwili?
2. Batri ya mAh 1,300 ichajiwe kwa ampea ngapi?
3. Kwa nini dakika za kuruka zinapungua hapa Kolwezi?
4. Nini kinawashwa kwanza, nini kinazimwa mwisho?
5. Mashini inakuja upande wa watu. Unafanya nini?
6. Karatasi yako inazunguka kushoto. Utafanya nini izunguke kuume?

TANGAZO. Jumamosi ijayo, baada ya usafi, wanachama wote wa chama cha fizike watajibu maswali haya mbele ya Bwana Prefe. Tukijibu vizuri, kabati litafunguliwa. Mdogo wetu wa kelasi ya kwanza ndiye atakayechagua nani ajibu swali gani, naye ametuambia amekwisha kumchagua mtu wa swali la 5.