Tambi za futari zisilale hadi daku

 

Sisi wa Tabora, tulio kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, tumerithi mengi ya pwani: dini, lugha na mapishi. Katika nyumba nyingi hapa, futari ya Ramadhani haijatimia bila sahani ya tambi za nazi.

Upishi wake si mgumu. Zivunjevunje, uzikaange kwa samli au mafuta kidogo huku ukigeuza hadi ziwe kahawia. Mimina tui jepesi la kuzifunika, tia sukari, iliki na chumvi kidogo. Zikikaribia kukauka ongeza tui zito, funika, punguza moto, weka makaa machache juu ya mfuniko. Nazi zetu husafiri mbali hadi kufika sokoni, basi itikise usikie maji, na utazame macho yake. Yenye ukungu iache. Ukiivunja ikanuka itupe, usiifiche harufu kwa iliki.

Tatizo huanza baada ya futari. Tambi zimepikwa saa 11 jioni, zilizobaki zinawekwa kwenye hotipoti, na saa 10 alfajiri zinapashwa moto kwa ajili ya daku. Mama anaamini moto umeshaua kila kijidudu. Hapa ndipo wengi wanapoumia.

Kuna kijidudu kiitwacho Bacillus cereus, kinachoishi kwenye udongo na hupatikana kwenye mchele na vyakula vya ngano. Mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Chakula kinapopoa na kuwa vuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaliana na kutoa sumu. Ukipasha moto waweza kuwaua wadudu, lakini sumu waliyokwisha kuitoa inabaki. Inahimili nyuzijoto 121 kwa zaidi ya saa moja, na sufuria yako inachemka kwa 100 tu. Hotipoti iliyoanza kupoa ni mahali pazuri pa kuwalea. Tena chakula chaweza kuwa na sumu hiyo bila kunuka.

Mwaka 2008 mjini Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alipasha moto spageti, nazo ni aina ya tambi, zilizokaa jikoni siku tano bila jokofu. Alizila, akaanza kutapika, na usiku huo huo akafariki. Mara nyingi ugonjwa huu hauui. Mtu hutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, kisha hupata nafuu. Lakini mtoto mdogo hukaukiwa maji haraka, na mfungaji aliyetapika daku lake anaanza siku akiwa hana kitu tumboni.

Utasema kumwaga chakula ni israfu. Ni kweli, na dawa yake ni kupima kabla ya kupika. Kaanga tambi zote ukipenda, lakini zile za daku zihifadhi zikiwa kavu kwenye chombo chenye mfuniko, bila tui wala maji. Alfajiri uzipike kwa tui jipya. Dakika ishirini zatosha. Zilizoiva mpelekee jirani zikiwa bado za moto. Mwenye jokofu azitandaze kwenye sinia zipoe upesi na aziingize kabla ya saa mbili kupita. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kufunika vyombo usiku, kama ilivyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.). Tufunike, maana inzi na mende hawalali, ila tukumbuke kwamba mfuniko hauzuii mbegu zilizomo ndani tayari.

Wanaotumia asali ya Tabora badala ya sukari wafanye hivyo, isipokuwa mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata ya kuonja, kwani inaweza kumletea ugonjwa wa kupooza.

Aliyeanza kutapika apewe maji ya ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kijiko kijiko. Mtoto akilegea, macho yakidumbukia, au asipokojoa kwa saa sita, mpeleke kituo cha afya usiku huo huo. Na mtu mzima asijikaze kufunga huku amekaukiwa; Allah (S.W.) amemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine.