SOMO: KUWAVUTA VIJANA WENYE UJUZI KUISHI KATIKA MIJI YA MIKOANI

Madhumuni ya somo hili ni kuwasaidia makatibu na wanachama kuelewa kwa nini wahasibu, maofisa ugani na mafundi mitambo vijana husita kuhamia miji ya mikoani, au huja na kuondoka kabla ya msimu wa pili. Na chama kifanye nini ili wabaki.

1. Hasara ni ya nani?

Chama kinapokosa mhasibu, mizania huchelewa, mkaguzi hukuta vitabu havijafungwa, na benki husita kutoa mkopo wa pembejeo. Mkulima ambaye pamba yake imekwisha kupimwa hungoja malipo huku ada ya shule ikimdai. Kwa hiyo pengo la ofisini hulipwa na mwanachama nyumbani kwake.

2. Funzo la Dodoma

Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam, na watumishi wakabaki nazo. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa. Wahadhiri na wanafunzi wakaufuata mji. Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, watumishi nao wakahama, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji.

Funzo ni kwamba mtaalamu hafuati tangazo wala sifa za mji. Hufuata kazi iliyokwisha kuandaliwa hapo.

Vyama vya Ushirika vilitangulia katika jambo hili. Moshi, ambako KNCU iliundwa mwaka 1933, ilipata Chuo cha Ushirika mwaka 1963, na mwaka 2014 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu. Tawi lake liko Kizumbi, Shinyanga. Basi mafunzo yako tayari mikoani. Linalobaki ni chama kumpokea mhitimu ipasavyo.

3. Mambo manne ya kuandaa kabla mgeni hajafika

(a) Nyumba. Kijana anayeanza kazi hana akiba, na wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Chama kikilipa kodi ya mwanzo, au kikikarabati nyumba yake iliyokaa bure, kikwazo cha kwanza kimeondoka.

(b) Kazi yenye madaraka. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema apewe ufagio. Mhasibu anayetumwa sokoni na kuagizwa chai, huku vitabu vikifungiwa kabatini na mtu mwingine, ataondoka hata akipewa nyumba ya ghorofa. Akabidhiwe vitabu kwa maandishi, ahudhurie Bodi anapowasilisha hesabu, na asikilizwe asemapo kuwa tarakimu hazilingani.

(c) Mshahara kwa tarehe. Mshahara wa wastani unaolipwa kwa wakati humfaa kijana kuliko ahadi kubwa isiyotimizwa. Mhitimu aliyesomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu ana marejesho ya kila mwezi.

(d) Familia. Wengi huondoka kwa sababu mwenzi amekosa kazi au mtoto amekosa shule inayoridhisha. Chama hakiwezi kuajiri kila mwenzi, lakini kinaweza kumjulisha kwenye SACCOS, shule, zahanati au kiwanja cha biashara. Kijana mwenye kiwanja na watoto shuleni huanza kuuita mji huo nyumbani.

4. Mfano wa hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Chama kina wanachama 400, nao huuza kilo 200,000 za pamba kwa msimu. Nyumba ya mhasibu ni shilingi 100,000 kwa mwezi, yaani shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Gharama hiyo ni shilingi 6 kwa kilo, au wastani wa shilingi 3,000 kwa mwanachama.

Upande wa pili, kosa la asilimia 1 katika daftari la mizani ni kilo 2,000. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa kilo, shilingi 2,000,000 zimepotea. Kosa hilo moja limezidi kodi ya mwaka mzima. Kila chama kifanye hesabu hii kwa tarakimu zake chenyewe, na mshahara uhesabiwe kando.

5. Tahadhari

Gharama ya nyumba iingizwe katika makisio na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu. Isitolewe kimya kimya. Aidha, vijana waliozaliwa katika kata za chama waliosoma wakumbukwe kwanza, bila upendeleo wa undugu: nafasi itangazwe na usaili ufanyike.

6. Maswali ya kujadili

1. Katika miaka mitano iliyopita, wataalamu wangapi wameondoka katika chama chenu, na kila mmoja aliondoka kwa sababu gani?
2. Katika mambo manne ya sehemu ya 3, ni lipi ambalo chama kinaweza kulitekeleza bila fedha?
3. Nani anashika funguo za kabati la vitabu, na kwa idhini ya nani?

Makatibu wanashauriwa kulisoma somo hili katika kikao cha Bodi kabla ya kuandaa makisio ya msimu ujao, na majibu yaandikwe katika muhtasari.